Kuvua jioni kwa kayaki ya watu wawili kwenye lambo: tunavofanya mi na mgosi hapa Tanga

Kuna kitu watu wa hapa mjini hawanielewi mpaka leo. Bahari ipo hapo Raskazone, dakika chache tu na bajaji, changu wapo, tasi wapo, afu mi na mwenzangu tunapakia kayaki kwenye kirikuu tunaelekea upande wa pili kabisa, bara, kwenye lambo la shamba la zamani la mkonge, kufuata perege na kambare. Mama kila nikirudi anacheka, anasema samaki wa tope hao kawape paka. Sawa. Ila jioni ya lambo ina raha yake, maji yametulia kama chai kikombeni, hamna wimbi, hamna kuhesabu bamvua na maji mafu (maji ya bahari kujaa sana au kidogo), mnakaa wawili mnapiga stori za chinichini mpaka giza linaingia. Wengi wameniuliza tunafanyaje kwa hiyo naandika yote hapa, na nianze na lile ninaloliona kubwa kuliko ndoana na chambo: kwenye kayaki ya watu wawili samaki sio tatizo, tatizo ni nyie wawili. Karibu kila balaa lililotupata lilianzia kwenye ubishi au mmoja kufanya jambo bila kumwambia mwenzake. Mwenzangu huyo hapa ntamwita Mgosi tu, ye mwenyewe kaomba.

Kabla ya yote, uliza

Usitumbukize chombo kwenye maji ya watu kwa sababu tu hujaona geti. Ukitoka mjini kwenda Pongwe na Muheza utakutana na mashamba ya mkonge, mengine yanafanya kazi mengine yamebaki vichaka, na baadhi yana malambo ya kukinga maji. Lambo lina mwenyewe. Kama ni la shamba muone msimamizi, kama ni la kijiji nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, salamu, maelezo, na ukipewa ruhusa basi siku ya kutoka na samaki mkumbuke. Kwa afisa uvuvi wa wilaya nako pitia uulize habari ya leseni, sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 ipo na inafanya kazi hata mbali na bahari, na vyandarua vya mbu, sumu na baruti sijui hata kama nahitaji kusema, hapana. Na bwawa la Mabayani kule Mto Zigi liache, yale ndo maji jiji zima linakunywa.

Swali la pili usimuulize mwenyekiti, muulize mama anayechota maji au kijana anayenywesha ng'ombe: kuna mamba? Mto Zigi na Mto Pangani mamba wapo, na lambo lililo karibu na mto, mvua zikifurika, mgeni anaweza kuhamia bila barua. Ukijibiwa "hamna" uliza na mtu wa pili. Ukijibiwa "zamani alikuwepo mmoja" geuza gari, nenda kanywe kahawa barabara ya kumi na mbili.

Saa za kwenda

Jua la Tanga linazama kati ya saa kumi na mbili na robo (hiyo mwezi wa sita) na kama saa moja kasoro robo (mwezi wa kwanza, wa pili), na likishazama giza la kwetu lina pupa, dakika ishirini tu huoni fundo la mshipi wako. Kwa hiyo mpango wetu uko hivi: saa kumi na nusu tuko majini, mpaka jua linazama tunavua perege, afu tunabadilisha ndoana tunamngoja kambare, saa mbili kamili tunatoka hata kama wanakula. Hiyo saa mbili tunakubaliana tukiwa bado nchi kavu, maana samaki akishaanza kugusa hamna mtu mwenye akili.

Masika inapopamba moto hatuendi, maji yanakuwa ya kahawia tupu na magogo yanaelea. Miezi ya kusi, wa sita mpaka wa nane, alasiri upepo unasumbua hata bara ila jua likishuka na wenyewe unalala. Mi napenda zaidi siku zenye mbalamwezi, sio kwa ajili ya samaki, ni kwa ajili ya kutafuta njia ya kurudi.

Chombo, na nani anakaa wapi

Kayaki yetu ni ya plastiki, ya kukaa juu yake sio ndani, ina vitundu vya kupitisha maji kwa hiyo likiingia wimbi linatoka lenyewe. Tuliinunua mtumba, imepauka upande mmoja. Nyuma chini ina kizibo cha kutolea maji yaliyoingia tumboni, na kizibo hicho ndo kitu cha kwanza kukagua, kishike kwa mkono, usiulize kwa mdomo. Siku moja nilimuuliza Mgosi "umefunga?" akasema nimefunga. Tulivofika katikati nikaona tezi, yaani nyuma ya chombo, inazama taratibu kama nyumbu anapiga magoti, tukapiga makasia kama tunafukuzwa, tumefika ukingoni kizibo kikakutwa mfukoni mwake. Alikuwa anamaanisha amefunga mfuko wa chambo.

Mzito akae nyuma, tezini, yeye ndo anaelekeza. Mwepesi akae mbele, omoni, yeye anatoa mwendo, wa nyuma anafuata mkupuo wa wa mbele la sivyo makasia yanagongana na mnalowana bure. Nyie mnaweza kuwa mmekua pamoja tangu chekechea, haisaidii, bado wahenga walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo chagueni nahodha kabla ya kuingia. Kwetu nahodha ni wa nyuma. Akisema acha kupiga kasia unaacha, akisema tunarudi tunarudi, kama hukubaliani mtabishana mkiwa mmekaa kwenye majani na mihogo ya kuchoma mkononi.

Sheria zingine ni tatu tu na hizi hatuna mchezo nazo. Hamna kusimama. Anayetupa mshipi anasema kwanza "natupa!" na mwenzake anainama, maana ndoana ilishanipitia kwenye kofia ikaenda nayo, ingekuwa sentimita mbili chini leo ningekuwa naandika habari nyingine. Na mpaka nanga itie chini anavua mmoja, mwingine anashika kasia. Wote wawili mkishika mishipi chombo kikiwa kinaelea kinajiendea kwenye matete, mishipi inasokotana, ugomvi unaanza.

Vifaa

Jaketi la kujiokolea, kila mtu lake, limevaliwa na limefungwa, sio limekaliwa kama mto. Najua tumekulia baharini na kila mtu hapa anajua kuogelea. Lambo sio bahari, maji ya chumvi yanakubeba, haya hayakubebi kiasi hicho, na chini kuna tope linalomeza mguu mpaka gotini pamoja na mizizi na nyaya za zamani.

Kwa perege mshipi mwembamba wa milimita 0.25 na ndoana ndogo namba 8 au 10 (kwenye hizi ndoana namba ikipanda ndoana inapungua, wengi wanadanganyika dukani), kiboya kidogo, hata kipande cha sandali ya zamani kinafaa, na risasi moja ya kubana kama punje ya mtama. Kwa kambare mshipi wa 0.45 na ndoana ya 1/0 au 2/0, chubwi (risasi nzito ya kuzamishia mshipi) ya kulala chini. Rodi mkiwa nayo ni vizuri ila fupi, ile ndefu ya kuvulia baharini ukiwa umekaa ni kama unapigana na mlingoti. Mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa unatosha kabisa, na mi perege nawasikia vizuri zaidi kidoleni kuliko kwenye rodi. Kile kijino cha ndoana kibane na plaizi kilale, samaki wachache watakutoka, lakini siku ikikuingia kidoleni utanishukuru.

Kila kasia lifungwe kamba nyembamba kwenye chombo. Ndoo yenye mfuniko. Tochi ya kichwani mbili. Kisu, plaizi, taulo, maji ya kunywa. Simu iweke kwenye kopo la plastiki la mfuniko wa kukaza, ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tunafungia imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na kopo ni bora mara mia, likianguka linaelea.

Nanga yetu ni kopo la rangi la lita nne nililolijaza zege nikachomeka kitanzi cha nondo. Kamba ni ya nailoni. Na hapa naomba radhi kwa wazee, sisi ndo watu wa mkonge, mkonge wenyewe uliletwa huku kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf na inasemekana ni miche 62 tu iliyofika hai, mashamba yote haya yakaanzia hapo, lakini kamba ya katani ukiisahau imelowa kwenye ndoo wiki mbili inaoza na nanga inabaki chini. Zetu ziko mbili kule chini.

Chambo: nyungunyungu, chimba chini ya migomba ambapo maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa, weka kwenye kopo na udongo wao uliolowa, kivulini. Ugali mgumu uliokandwa tena na unga wa ngano kidogo ushike kwenye ndoana. Kwa kambare utumbo wa kuku, wa jana ni mzuri kuliko wa leo, kaa nao upande wa upepo unakoelekea. Mgosi anaapia sabuni ya mche, anakata kipande kama tonge anachomeka, na wapo wavuvi wengi wanaoitumia kweli, mi nimemuona akipata kambare kwa sabuni mara mbili na bado sijamkubalia.

Kupakia na kuingia majini

Kwenye kirikuu kayaki ilale kifudifudi, funga kwa mipira ya tyubu za baiskeli sehemu mbili, na kitambaa chekundu nyuma inapochomoza.

Mkifika msikimbilie maji. Kaeni dakika tano mtazame. Mdiria, yule ndege mla samaki, akiwa anatua tawi moja anachupa, anarudi palepale, hapo kuna vidagaa, na penye vidagaa mkubwa hayuko mbali. Tazameni yungiyungi ziko wapi na upepo unatoka wapi, muanze kwa kwenda upande upepo unakotoka ili mkichoka uwarudishe.

Halafu kichocho. Maji haya yana konokono na wale vijidudu wanatoka kwa konokono mwanga ukiwa mkali, hasa kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri. Jioni wanapungua, hawaishi. Vaa gambuti, ingia palipo wazi pasipo na majani, usisimame majini kupiga stori, na ngozi ikilowa jifute kwa taulo palepale mpaka ikauke, usingoje upepo. Ukiona mkojo una damu wiki au miezi baadae nenda hospitali upimwe, dawa ipo.

Kupanda: sukuma kayaki mpaka ielee yote, nahodha ashike ubavuni, wa mbele aketi makalio kwanza katikati ndo miguu ifuate, afu akishalaza kasia kwenye maji nahodha naye apande. Mmoja mmoja. Mkipanda wote kwa pamoja mtashuka wote kwa pamoja.

Perege kwanza

Nendeni polepole, kasia lisigonge ubavu wa plastiki, ule mlio unasafiri chini ya maji balaa. Mita kumi hivi kabla ya yungiyungi shusheni nanga, iteremsheni kwa mkono msiitupe. Kamba ifungwe omoni au tezini, kamwe isifungwe ubavuni, upepo ukisukuma chombo kilichofungwa ubavu kinainamia upande na kupinduka, na fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Sasa wote wawili mnaweza kuvua, mmoja kulia mmoja kushoto. Rusha pumba konzi moja, sio kilo, unawaita hauwashibishi. Kiboya kiweke ndoana ining'inie nusu mita mpaka mita moja. Perege hana papara, anadonoa, kiboya kinatetemeka, kinatulia, unaanza kumtukana, afu ghafla kinalala ubavu au kinaanza kutembea pembeni. Hapo ndo unainua mkono, kuinua tu, usichape, mdomo wake ni laini unachanika. Mlete taratibu mpaka ubavuni na mwenzako ndo amchukue kwa kijiwavu, asiye na samaki ndo mwenye wavu siku zote, ukijaribu kufanya yote mawili utaegemea na utajua.

Kwenye maji mafupi karibu na ukingo utaona miduara kama sahani imechimbwa kwenye tope, hivo ni viota vya madume, wanavilinda kwa ukali na ukipitisha chambo hapo anashika kwa hasira sio kwa njaa. Jike yeye anabeba mayai mdomoni. Ukimpata ukaona anatema mayai au vitoto, mrudishe haraka na hamisha nanga. Na aliye mdogo kuliko kiganja naye arudi, hamna nyama pale, ni miba mitupu.

Giza likiingia

Washa tochi ya kichwani lakini itazame chini, ukimulika mwenzako usoni atakuwa kipofu dakika nzima na mbu wote wa wilaya watakuja kukusalimu. Mikono mirefu, soksi, dawa ya mbu jipake mgongoni mwa mkono ila sio vidoleni, inahamia kwenye chambo.

Kambare anavuliwa chini, chubwi ilale kwenye tope, mshipi umelegea kidogo, na unasubiri. Ye haoni sana, ananusa na kupapasa kwa zile sharubu, kwa hiyo mpe muda. Anagusa, anagusa, afu mshipi unaondoka kama umefungwa kwenye pikipiki. Hapo sema kwa sauti "ninaye!" ili nahodha atoe mshipi wake na ashike kasia, maana wa kilo tatu tu anaizungusha kayaki. Usizungushie mshipi mkononi hata siku moja, uache upite kati ya vidole, akivuta mpe, akichoka chukua.

Kumshika ndo kazi. Yale mapezi mawili ya kifuani yana mwiba mgumu kila moja, ukichomwa unauma na kuvimba. Mshike kwa taulo nyuma ya kichwa, vidole nyuma ya ile miiba, toa ndoana na plaizi, ndoo, mfuniko haraka. Huyu anapumua hewa kama mimi na wewe, masaa yanapita bado mzima, na usipofunika atatoka atembee kwenye mapaja yenu gizani.

Mkipinduka

Mwezi wa kumi mwaka juzi tulikuwa chini ya mti ulioinamia maji, kenge alikuwa kalala kwenye tawi hatukumuona, tulivosogea akajirusha majini, pwaa, sentimita chache kutoka bega la Mgosi. Mgosi akasimama. Nilishasema hamna kusimama. Sekunde moja baadae nilikuwa nimemeza maji ya lambo na tochi yangu inawaka chini kwenye tope, inapendeza kweli.

Ikitokea: mshikilie chombo, msiogelee kukimbilia ukingo hata kama unauona uko karibu, gizani umbali unadanganya. Kila mtu aite jina la mwenzake ajibiwe. Kasia zipo zimefungwa, kumbuka. Nendeni wote upande mmoja muipindue kayaki ikae sawa, halafu mmoja ahamie upande wa pili aning'inie kama uzito, mwingine apige miguu ajitupe kifudifudi kukatiza katikati, atambae, ageuke akae. Ndo naye amtulizie mwenzake apande kwa njia hiyohiyo. Jaribuni hii mchana mara tatu kwenye maji ya kiunoni kabla ya safari ya kwanza, pale baharini pa kuogelea panafaa na hapana kichocho. Sisi hatukujaribu, ilituchukua kama robo saa na maneno mengi.

Nyumbani

Kayaki itoe kizibo, imwage, isuguliwe majani yote yaliyoganda, ilale kivulini maana jua la kila siku linaifanya plastiki kuwa kama biskuti.

Samaki watumbuliwe usiku huohuo. Ile harufu ya tope inayowafanya watu wa pwani wakunje pua inapungua sana kwa ndimu, kata mikato mbavuni, paka chumvi na ndimu nyingi, acha nusu saa, suuza, ndo uweke viungo. Perege mkaange au mchome na pilipili na ukwaju pembeni. Kambare toa utelezi kwa chumvi na majivu, mkaushe juu ya moshi kwanza halafu ndo nazi. Jirani yangu Msabato hagusi kambare kwa sababu hana magamba, huyo nampelekea perege.

Kugawana: aliyeshika kasia muda mrefu anachagua kwanza, bila kujali nani alimvuta nani. Wiki iliyopita tulipata perege saba na kambare mmoja mnene, Mgosi ndo alikuwa na kasia, akachukua kambare, akaniachia saba na miba yao. Nilivofika mama akafungua ndoo, akahesabu, akawasha jiko bila kusema neno, na paka hakupata kitu.